Ngozi ya Chini ya Ngoma

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Mimi nasema isiyolia ndiyo hupasuka, tena hupasukia ndani ya nyumba. Ndugu zangu wa Rhotia, nisikilizeni.

Kwetu palikuwa na amani. Jioni mama alipepeta maharage, na baba, mzee Valeriani, alipiga mapigo kwa vidole kwenye ubao wa dirisha. Miaka mingi alipiga ngoma ndogo katika bendi ya matarumbeta ya kanisani, ile yenye nyaya chini zinazoifanya ichachatike. Bibi harusi hakuingia kanisani bila mkono wa baba.

Kisha gongo ikaanza kumtangulia kazini. Siku moja mikono ilimtetemeka, mapigo yakayumba, maharusi wakakanyagana mlangoni, watu wakacheka. Baba alirudi nyumbani akaipiga ngoma mateke mpaka ikawa chapati. Tangu hapo aliamka kwa ajili ya kunywa tu.

"Ya ndani hayatoki nje, Hyasinta," mama aliniambia. "Wakiuliza, ana malaria."

Jirani yetu Marsela akauliza, "Malaria gani hiyo inayoimba njiani?"

Msomaji, kwako malaria hiyo haipo?

Mnadani Karatu nikaikuta ngoma kama ile, mtumba, bei ya kutupwa. Pete zimeota kutu, ngozi zote mbili zimechanika, nyaya zimekatika. Nikaipeleka kwa Swaleh, muuza spea za pikipiki.

"Dada, hii ngoma au chujio?" alicheka. Lakini akaniagizia Arusha ngozi ya juu, nyaya na skrubu, akanipa na mafuta ya kulegeza kutu. Ngozi ya chini haikupatikana. Basi nikafanya tunavyofanya kwa ngoma zetu za huku: nikaiwamba ngozi ya mbuzi, ngumu na nzito.

Nikaipiga uani. Bu! Kama kupiga gunia la mahindi.

"Nani kaivalisha ngoma koti?" baba alifoka kutoka ndani. Akatoka akijishikilia ukutani. "Mwanangu, ngozi ya chini huwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Lazima ihisi kila kinachopigwa juu, ndipo nyaya zilie. Hii yako haihisi kitu."

Akachukua bisibisi aifungue. Ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena.

"Malaria hii," alisema kwa sauti ndogo.

"Si malaria, baba," nikasema. Marsela alikuwa ameingia uani kurudisha ungo aliouazima. "Ni gongo. Inakuua, na sisi tumeivalisha koti."

Mama akashika kichwa. "Hyasinta! Mbele ya watu!"

"Watu gani?" Marsela akauweka ungo chini. "Baba Hyasinta, mume wangu Joseph alitetemeka hivihivi. Hospitali walimsaidia. Nilikuwa nawangoja mseme. Ningewatibuje malaria mnayoitunza wenyewe?"

Baba alikaa chini akalia, mama naye akakaa kando yake. Asubuhi yake walimpeleka hospitali, Marsela upande mmoja, mama upande wa pili. Haikuwa rahisi, aliwahi kuteleza akanywa tena, wakamrudisha.

Leo mikono yake imetulia. Swaleh alipata ngozi nyembamba, na baba mwenyewe aliikaza, skrubu hii kisha ile inayoikabili, akitega sikio kila mara. Jumamosi iliyopita ngoma ile ya mtumba ilimwingiza bibi harusi kanisani. Ilichachatika kama mvua juu ya bati. Mama alipiga vigelegele kuliko mama wa bibi harusi. Namshukuru Mungu. Namshukuru Swaleh kwa kucheka na kusaidia. Namshukuru Marsela na ungo wake.

FUNZO

Ulevi ukifunikwa haufi, hunenepa. Nyumba nayo ina ngozi ya chini: iacheni nyembamba, ihisi, ilie, jirani asikie. Anayekusikia ndiye atakayekushika mkono.

Baba mdogo Leonce anasema nimemvua baba nguo mbele ya watu, niombe radhi kwa ukoo. Nilichomvua ni koti lililokuwa likimuua. Siombi radhi.