Winga Aliyekataa Sindano

Kila siku akitoka shule, Laetitia alipitia saluni ya mama yake Mkongomani huko Point, mtaa wa jijini Durban, akafagia nywele zilizotapakaa sakafuni, akanywa chai kwa mkate, kisha akachomoka kwenda uwanjani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, winga wa kulia, na mabeki wengi wa jiji hilo walikuwa wamekwisha kula vumbi lake.

Jumatano moja aliumia kifundo cha mguu mazoezini. Hakumwambia mtu. Jumamosi kulikuwa na mechi, na mwalimu wa akademia kubwa ya soka angekuja kuchagua mchezaji mmoja tu. Laetitia aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote, basi akavuta soksi juu ya uvimbe na kujikaza kisabuni.

Kikwazo kilikuwa Kocha Holger. Mzee huyo Mjerumani alikuwa winga hodari enzi zake, kisha akafundisha mpira Arusha miaka mingi mpaka Kiswahili kikamkolea. Kabla ya kila mechi aliwavua wachezaji viatu, akawaamuru waruke kwa mguu mmoja mmoja. Zamu ya Laetitia ilipofika, maumivu ya mguu wa kulia yalimkunja uso.

"Leo unakaa benchi," kocha alisema.

"Sikai!" Laetitia alifoka. "Mimi niko sawa!"

Mjomba wake Vénérand, fundi wa simu, alikuwa kando ya mstari. Akatoa vidonge mfukoni. "Kocha, acha mutoto acheze. Akunywe hii dawa, maumivu itakwisha sasa hivi. Mutoto wa Congo haogopi mguu!"

Kocha alichuchumaa mbele ya Laetitia. "Nikiwa na miaka ishirini na miwili tulifika fainali. Paja langu lilikuwa limechanika. Daktari wa klabu akaniletea sindano ya kuua maumivu, nikaikataa. Mashabiki walinizomea, magazeti yakaniita mwoga, klabu ikaniuza kwa timu ndogo."

"Sasa ulipata nini?" Laetitia aliuliza kwa hasira.

"Nilipata mpira. Nilicheza hadi miaka thelathini na sita. Mwenzangu aliyekubali sindano alishangiliwa siku ile, na msimu uliofuata hakuweza kukimbia tena. Mguu ni wako. Sema mwenyewe: unauma au hauumi?"

Timu nzima ilimkodolea macho. Machozi ya hasira yakamlengalenga. Alimchukia kocha, akauchukia mguu, lakini mguu wenyewe ulikuwa ukipwita ndani ya soksi na haukutaka kunyamaza.

"Unauma," alisema kwa sauti. "Unauma tangu Jumatano."

"Eish, Laetitia, umetuangusha!" alilalama Ngina, nahodha wao Mkenya. "Tutafungwa sasa!"

"Kunywa dawa, nakuambia!" mjomba alikaripia.

Laetitia alikisukuma kando kiganja cha mjomba chenye vidonge. "Sitakunywa, Tonton," alisema, akimwita mjomba kwa Kifaransa cha nyumbani. " Munizomee mukitaka. Nitarudi na miguu yangu yote mbili!"

Walifungwa mabao mawili, na nafasi ya akademia ikaenda kwa winga wa timu pinzani. Laetitia alilia palepale kwenye benchi, bila kuficha uso. Jioni mama yake alimpeleka kliniki. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa, na muuguzi akawaambia kwamba mbio za siku ile zingeuvunja kabisa.

Plasta ngumu aliyofungwa mguuni ilipofunguliwa, alifuata mazoezi ya kocha moja baada ya jingine, ingawa yalimchosha. Msimu mpya ulipoanza, alimpita beki, akapiga krosi, na Ngina akafunga. Akademia ilikuwa bado haijamwita, lakini alikuwa amepania kuitwa.

Baada ya mechi mjomba Vénérand alimwita kando. "Nilikosea, mutoto wangu," alisema. "Kukimbia na mguu mbaya, hata mbuzi anaweza. Lakini kusema kweli wakati watu wote wanataka uongo, hapo niliona nguvu yako. Mwili ukiumia, sema, hata wakubwa wakikasirika. Hata kama ni mimi."

"Sana sana kama ni wewe, Tonton," Laetitia alijibu, akaukimbilia mpira.