Zima Taa, Kisha Upime

Uligeuza uso. Usinikatalie, nakumbuka ulivyochezea simu siku mkuu wa maabara alipoizika kazi ya binti wa watu mbele yako. Basi msikie huyo binti, mliyemzika wewe na mkuu.

Siku ya kwanza binti alipanda lifti iliyojaa, gauni la rangi ya chungwa na raba nyeupe, amekumbatia kiboksi chenye chipu yake kama kichanga. Nyuma yake kijana mmoja mrefu alianza kuvuta pumzi ya chafya.

"Kaka, geukia ukutani. Nimebeba kazi ya mwaka mzima humu."

"Nikigeuka nitampata huyu mzee."

"Mzee atapona. Chipu haiponi."

Lifti nzima ikacheka. Kumbe kijana huyo ndiye mpimaji wa maabara aliyepangiwa chipu hiyo. Tangu hapo binti akamwita Chafya, na mapenzi yakaota katikati ya ubishi.

"Duara langu, kile kijia cha mwanga ndani ya chipu, ni jembamba kuliko unywele," alimwambia simuni. "Mwanga unazunguka humo tena na tena, kwa hiyo umeme kidogo tu unatosha kuutia ujumbe. Zile njia ndefu za mkuu wako zinakunywa umeme kama ngamia."

"Mkuu wetu, mpenzi."

"Wako. Mimi nimekuachia."

Kisha Chafya akapima, duara halikuitika. Akaandika: limekufa. Mkuu akakitangaza kifo hicho kikaoni kwa uso wa mrithi, na nafasi yote ya chipu ijayo akazipa njia zake. Jioni simu ya Chafya ikalia, binti yuko upande wa pili.

"Ulizima taa ya hadubini?"

"Bila taa nisingeona pa kuunganisha nyuzi za kupitisha mwanga, mpenzi."

"Kuunganisha, sawa. Wakati wa kupima je?"

"Niliiacha ikiwaka."

"Duara langu linaitikia rangi moja tu ya mwanga, na taa ikilipiga, rangi hiyo inahama. Umebisha hodi kwa jirani, halafu ukatangaza msiba kwangu. Usinipigie tena."

Leo, kikao kimejaa tena. Chafya amesimama, chipu na hadubini mezani mbele yake, vifungo vya koti vimepishana.

"Jibu lile nilikosea mimi. Tupime hapa hapa."

"Limeshapitishwa," mkuu anasema. "Kaa chini, kijana."

"Sikai, mzee."

Anazima taa ya hadubini. Anasogeza rangi ya leza polepole, na kwenye skrini mstari ulionyooka unazama ghafla kama kisima. Binti anainuka kitini, anatia umeme wa kibetri kidogo tu, kisima kinahama. Duara li hai.

"Hata hivyo," mkuu anasema, "uamuzi haubadiliki."

Binti anamwendea Chafya, anamfungua vifungo na kuvifunga upya, kimoja kimoja, mbele ya wakubwa wote.

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Lakini sitoki."

"Basi nishike mkono. Nami sitoki."

Wamesimama wawili, na ukumbi mzima unatazama simu. Wewe pia, kiti cha tatu karibu na mlango. Skrini umeiona. Weka simu chini. Inuka, sema duara li hai, sasa hivi, kabla mkuu hajafunga kikao.