Fuso Lililokula Nyasi za Sola

Ndugu zangu, sogeeni karibu. Na wewe dereva unayejifanya hunisikii, sogea zaidi, maana hadithi hii nimeipika kwa ajili yako. Ni ya Mboje, mume wa Anna, wa hapa hapa Bariadi. Ni mtu mwema, mcheshi, na Fuso analiendesha vizuri kuliko wengi wenu. Nakwambia mapema kwamba hakufa, usije ukanikalia na sura ya matanga.

Asubuhi inapoanzia hadithi hii ilikuwa tamu. Mboje alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, anatafuna michembe ya viazi vitamu na karanga, chai inafuka pembeni, Fuso limeoshwa mpaka linang'aa. Gari hilo yeye na Anna walilinunua baada ya kuuza ng'ombe wao, wakawa wanabeba pamba kutoka vijijini kuileta kiwandani, na maisha yalikuwa yameanza kukaa sawa. Ndipo fundi akabisha hodi, mkononi ana kiboksi cheusi kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Anna ndiye aliyemwita. Fundi akaeleza kwamba kiboksi kile kinawasiliana na satelaiti, kisha kinamwonyesha mwenye simu gari liko wapi na linakimbia kiasi gani. Dereva akizidisha mwendo, simu inalia. Gari likipinduka au likikwama vibaya, chenyewe kinatuma ujumbe wa kuomba msaada, hata kama dereva hawezi kuinua mkono. Kina betri yake, kina sumaku mgongoni, ukikibandika chini ya dashibodi kimenasa. Anna alifurahi mno. Hapo hapo akampigia mama yake kule Bukundi, akamweleza kwa Kisukuma kwamba kuanzia leo, Fuso likitembea, yeye analiona popote lilipo.

Mboje alitabasamu, lakini kwa meno tu. Moyoni kilimchoma. Mwanaume mzima, alijiambia, nachungwa na mke wangu kama ndama! Na ukweli wenyewe mnaujua. Mboje alipenda kukanyaga mafuta. Alipenda pia kuchepuka na mizigo ya watu njiani bila kuaga nyumbani. Kiboksi kile kingeyasema yote.

Kijiweni stendi wenzake walimfundisha ujanja wao, na msiniangalie hivyo, mnajuana. Huyu alisema kifunge kwenye karatasi ya aluminiamu, yule akasema kizime kabisa. Mboje akawaona washamba. Kifaa kikizimika, Anna atauliza. Yeye alitaka kiendelee kufanya kazi, ila kitembee kwa adabu.

Basi akamkumbuka Luhaga wa kijiji cha Sola, rafiki aliyekua naye machungani. Nanyi mnajua mambo ya machungani. Kundi la ng'ombe lina maksai wake anayetangulia, amevishwa kengele shingoni, wenzake wanamfuata, na mchungaji akiisikia kengele anajua kundi zima liko wapi hata kama limejificha vichakani. Maksai wa Luhaga aliitwa Hakimu, mnyama mkubwa, mpole, asiye na haraka na lolote duniani. Mboje akasema, kumbe hata huku kwetu hicho kifaa tunacho siku zote. Akakitia kiboksi kwenye mfuko wa ngozi, akakifunga shingoni kwa Hakimu, chini ya kengele. Luhaga alicheka mpaka akakaa chini.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alipotoka Bariadi, Mboje alipita Sola, akamvisha Hakimu kiboksi, kisha yeye huyoo, kama mshale. Akirudi anakichukua, anakibandika mahali pake, anaingia nyumbani anapiga mluzi. Kwenye simu ya Anna, Fuso lilionekana Sola linasogea polepole, linasimama, linasogea tena. Mboje alisema anakusanya pamba nyumba kwa nyumba. Anna aliamini. Hata kwenye jumuiya alimsifia kwamba mume wangu siku hizi anaendesha kistaarabu, akina mama wakapiga makofi. Sifa zote hizo zilikuwa za ng'ombe.

Najua kuna anayesema Anna alikuwa mjinga. Hapana, bwana wee. Alikuwa anamwamini mumewe, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa ikafika siku ambayo mama yake Anna, Bi. Kwandu, alikuwa aje Bariadi kukaa na wajukuu. Anna akamwomba mumewe akamlete kutoka Bukundi, taratibu, kwani ni mtu mzima na magoti yanamsumbua. Mboje akakubali kwa moyo mweupe. Lakini alikuwa pia amemwahidi mtu wa Maswa kumpelekea mbuzi mnadani Lalago. Kwa hiyo akapita Sola kama kawaida, akamvisha Hakimu kiboksi, akisema nitakichukua tukirudi, wala hakufikiri kwamba leo Anna atalitafuta gari njia ya Bukundi. Mbuzi wakamchelewesha. Alipofika Bukundi jua lilikuwa limeshapinda, na mawingu yalikuwa yamesimama upande wa mashariki.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama mkwe wake kwa Kisukuma, amechuchumaa, macho chini.

Mnajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai wakibanana. Bi. Kwandu alipanda mbele kwa sababu ya magoti, lakini alijibana mlangoni, uso dirishani, na gunia la karanga likawekwa katikati yao. Wakitaka kuzungumza, kila mmoja alizungumza na kioo cha mbele. Kwa namna hiyo safari ikaanza, heshima imetimia.

Mboje alitaka kufidia muda. Akaacha barabara kubwa, akachukua njia ya mkato inayokatiza korongo la mchanga. Palikuwa pakavu. Akalishusha gari kwa kasi ili livuke kabla mchanga haujalimeza, na katikati kabisa magurudumu ya nyuma yakazama. Akavuta mbele, akarudi nyuma, likazidi kuchimba. Ndipo wakasikia mvumo kutoka upande wa juu wa korongo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, na maji yake ndiyo hayo yanakuja, mekundu, na magogo yake.

Yalipoingia ndani ya gari, simu ya Mboje ilianguka miguuni ikazama na kuzimika. Akamtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe Anna.

"Mayu, nisamehe. Itabidi nikubebe."

Akambeba mgongoni, jambo ambalo halijawahi kusikika ukweni, akampandisha juu ya bodi, kisha akapanda mwenyewe. Wakakaa pale juu ya turubai, maji yanapita pande zote, ng'ambo hakuna mtu. Mchanga chini ya gari ulikuwa unaliwa, na Fuso lilikuwa linaanza kuinama upande mmoja.

Bi. Kwandu yeye alikuwa ametulia kabisa. Alijifunga kitenge vizuri, akafuta matope usoni, akaweka kilemba sawa.

"Usiwe na wasiwasi, mkwe wangu," akasema. "Anna anatuona."

Maji yakapanda. Gari likatikisika.

"Nataka anione niko nadhifu," akasema tena Bi. Kwandu. "Asije akadhani naogopa."

Akainua mkono, akapunga kuelekea angani, taratibu, kama mtu anayemuaga mgeni. Ndugu zangu, Mboje aliwahi kufiwa, aliwahi kuugua, lakini mkono ule ulimuumiza kuliko yote. Mama wa watu anapunga, na huko anakopunga hakuna anayemwona. Na aliyefanya hivyo ni yeye, kwa ajili ya kukimbiza gari. Alijaribu kunyamaza, akashindwa. Akamwambia yote, kuanzia fundi mpaka Hakimu, akizungumza huku analia.

Bi. Kwandu alishusha mkono.

"Basi," akasema, "sasa ndiyo naanza kuogopa."

Huku nyuma, kama Mboje alivyokuja kusimuliwa baadaye, Anna alikuwa anaangalia simu yake bila furaha. Gari liko Sola mchana kutwa, wakati lilitakiwa liwe linatoka Bukundi na mama. Akampigia Mboje, hapatikani. Akampigia Onesphory, bwana shamba wa Sola, kijana wa Kagera aliyehamishiwa huku kikazi, akamtumia ile ramani kwenye simu, akamwomba aende akaangalie pale inapoonyesha. Onesphory akawasha pikipiki, akafuata ramani mpaka malishoni, akazunguka, hakuna gari. Akasogea mpaka ile alama yake ikaingia juu ya alama ya Fuso. Mbele yake alisimama maksai mwenye kengele.

Akampigia Anna. "Mama, gari lako nimeliona," akasema kwa upole wake wa Kihaya. "Linakula nyasi."

Luhaga alikuwa pale pale, na alipoona uso wa Onesphory hakuthubutu kuficha. Akasema Mboje kaenda Bukundi tangu asubuhi, na kwamba akichelewa hupita njia ya mkato ya korongoni. Hilo likamtosha Anna. Akapiga simu Bukundi, kwao, na mji mzima ukatoka na kamba za kufungia ng'ombe.

Walifika jua likiwa linazama. Fuso lilikuwa limelala nusu, wawili wamekaa kwenye ukingo wa juu wa bodi, na lile gunia la heshima lilishakwenda na maji zamani. Vijana wakaunganisha kamba, wakafungana viunoni, wakaingia. Bi. Kwandu akatolewa kwanza. Mboje akafuata. Walipogeuka nyuma Fuso lilikuwa linaanguka ubavu, taratibu, bila kelele. Kiboksi kingekuwa mahali pake, kingetuma ujumbe tangu lilipokwama, na wangefika mapema, gari likiwa bado limesimama.

Fuso lilivutwa siku zilizofuata, likatengenezwa, na linatembea mpaka leo. Lakini sikilizeni kilichotokea nyumbani. Ukoo ulikusanyika, wali na kuku vikaliwa, na watu wakacheka sana habari za Hakimu, hata Anna mwenyewe alicheka baada ya kununa kwa siku kadhaa. Mboje alikuwa amekaa mwisho kabisa wa mkeka. Ndipo Bi. Kwandu akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, wakati ule nakupungia mkono, ulikuwa unamwangalia nani?"

Anna akaacha kucheka.

"Nilikuwa naangalia ng'ombe, mama."

Kicheko kikaisha mkeka mzima. Mboje akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya wote wawili.

MAFUNZO

Ndugu zangu, vifaa hivi vinaongezeka. Leo viko kwenye mabasi na malori, kesho vitakuwa kwenye bajaji na pikipiki zetu, na vitakuwa na akili kuliko hivi vya sasa. Ni neema. Lakini kifaa kinaona pale ulipokiweka tu. Ukikidanganya, hujakidanganya chenyewe. Umemdanganya anayekusubiri nyumbani, na siku ya shida atakutafuta mahali usipokuwepo.

Dereva, usione unachungwa kama ndama. Anayetaka kujua uko wapi anataka urudi. Punguza mwendo, shika njia uliyoaga, na kama kuna mzigo wa pembeni, useme. Nanyi wenye magari, msiache kila kitu kwa simu. Muulize mwenzio kwa mdomo, na umsikilize anavyojibu.

Mboje sasa anaendesha polepole mpaka wenzake stendi wanamkejeli. Kila akifika salama Bukundi au Lalago, yeye mwenyewe anampigia mkewe, ingawa anajua Anna ameshamwona.