Maandishi ya Paani

"Wali na tempe, pilipili iwe pembeni," Endah aliagiza mlo huo rahisi wa soya ya kukaanga, akijipenyeza katikati ya madereva waliojaa kwenye kibanda cha chakula mkabala na geti la bandari ya Tanjung Priok. Alivaa blauzi ya kijani ya kazini na mtandio wa rangi ya maziwa, na joto la mchana lilikuwa limeshamharibia poda.

Dereva mmoja mrefu, vifungo viwili vya shati wazi, aligeuka na glasi ya kahawa mkononi.

"Hiyo sauti! 'Dereva, subiri kidogo, usishuke garini.' Ni wewe, dada?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

"Kumbe wenye sauti tamu nao hula tempe!"

"Kumbe wenye domo hilo nao hupewa leseni!" Endah akamrudishia.

Aliitwa Yayan, mtu wa mji wa Garut. Nyuma ya lori lake, kama madereva wenzake, alikuwa ameandika utani wake: MAMA KWANZA, MAFUTA BAADAYE. Siku hiyo aliondoka na namba ya simu ya Endah.

Geti lile lilijiendesha lenyewe. Lori likifika, kamera husoma namba ya gari na ya kontena, mizani hupima uzito, dereva hugusisha kadi yake, karatasi ya kumwelekeza pa kushushia mzigo hutoka, na kizuizi hunyanyuka. Mashine ikishindwa kusoma kitu, ndipo lori hutokea kwenye skrini ya Endah, ghorofani, naye akaongea na dereva kwa spika.

Basi lori la Yayan likaanza kukwama karibu kila siku.

"Dereva, namba ya kontena haisomeki," Endah alikuwa akisema kwa ukali wa kazini.

"Isome wewe, mpenzi. Soma taratibu, mimi sina haraka."

Endah aliandika namba mwenyewe huku akitabasamu peke yake. Jioni walizungumza kwa simu mpaka sikio likapata moto. Alimpenda, na wala hakujificha. Dodol, ile peremende laini ya nazi, aliyoletewa kutoka Garut aliila kidogo kidogo ili isiishe.

Kisha siku moja bosi akamsema mbele ya wenzake, kwamba foleni za njia anazosimamia zinatia aibu. Endah akarudisha nyuma picha za kamera ya nje. Akamwona Yayan amesimama juu ya tairi, anapaka tope kwenye namba ya kontena kwa kiganja chake.

Alimpigia palepale.

"Kumbe ni wewe unayepaka tope!"

"Mchana nakukosa, Endah. Nataka tu kukusikia."

"Wenzako wanaungua jua nyuma yako, mimi nasemwa kama mtoto, wewe unacheza? Usinipigie tena!"

Akamfungia namba.

Tangu hapo lori la Yayan halikukwama hata mara moja. Kila lori lilipotokea kwenye skrini moyo wa Endah ulimruka, na kila mara alikuwa dereva mwingine. Kanisahau, alijiambia, na ilimuuma kweli. Kumfungulia namba, kiburi kilimkataza. Bosi alipomwambia kuna nafasi bandari ya Surabaya, aliahidi kumjibu Ijumaa, ingawa moyoni alikuwa ameshafunga mizigo.

Ijumaa mvua ilimwagika tangu asubuhi. Lori moja likakwama. Endah akafungua picha ya ubavuni: mfuko wa plastiki ulikuwa umenata juu ya namba ya kontena. Akafungua picha ya juu, ile ya kukagua mapaa ya makontena, kisha akaikuza.

Juu ya paa la kichwa cha lori paliandikwa kwa rangi nyeupe: ENDAH, NISAMEHE. SIKU HIZI NANAWA MIKONO. Chini ya nyeupe palionekana herufi za njano, maneno yaleyale, na chini ya njano nyekundu iliyokwisha kuliwa na jua.

"Dereva, subiri kidogo, usishuke garini," alisema.

"Dada Endah, naapa, safari hii si mimi!"

"Najua. Ni mfuko umenasa."

"Basi niandikie namba nipite. Sitaki usemwe tena."

"Huko paani umeandika lini?"

"Ndiyo kwanza umeona leo?" Yayan alipaza sauti. "Nimepaka rangi mara tatu! Kila siku napita chini ya kamera zako polepole kama bibi harusi, nasema leo atanijibu. Nikajua hunitaki tena."

"Lori likiwa safi siletewi picha yake, mjinga wewe! Mashine inakupitisha yenyewe!"

"Kumbe ningepaka tope kidogo tu..."

"Thubutu!"

Endah alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Honi zilipigwa nyuma. Akaandika namba, kizuizi kikanyanyuka, na kabla lori halijamaliza kupita alishamfungulia namba. Kisha akaenda mlangoni kwa bosi kumwambia atafute mtu mwingine wa kwenda Surabaya.

Jumatatu mchana alisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu, kama alivyoombwa, mtandio ukipepea. Lori likaja polepole, paa lake limepakwa upya rangi ya bluu: BABA YAKO YUKO NYUMBANI LINI?

Simu ikalia.

"Umesoma?"

"Nimesoma. Jumapili. Ila mama kwanza, Yayan. Uje naye."

Yayan akapiga honi mpaka barabara nzima ikatazama juu.