Mikono ya Marehemu

Akaunti ya marehemu ilifungwa siku ya mazishi, na aliyeifunga ni mjane wake mwenyewe. Kwa hiyo alasiri ile, ilipofunguka yenyewe na kuandika "hodii" kwenye kioo cha kompyuta, mama wa watu alidhani macho yanamdanganya.

Mke na mume walikuwa walinzi wa mitandao ya serikali. Mume ndiye aliyeifundisha Zamu, akili bandia ya ofisi, kumtambua kila mtumishi kwa uchapaji wake: nani ana haraka, nani hukosea wapi. Nywila huibwa, alikuwa akisema, lakini mikono haiazimwi. Na "hodi" yake yeye daima ilikuwa na i mbili.

"Zamu inasema mikono ni yake," alinong'ona bosi, ambaye siku zote haogopi kitu ila wakaguzi.

"Mikono ipi, bosi? Si tumeizika?"

Chumba cha mitambo kilianza kunuka udongo mbichi. Tangu asubuhi kumbukumbu za hospitali zote zilikuwa zikifutika, wagonjwa wamelala vitandani bila daktari kujua hata kundi la damu yao, na sasa taa zilififia, feni zikawa zinahema kama mtu aliyepanda ngazi, na harufu ile ikazidi kusogea mpaka ikasimama nyuma ya kiti cha mjane.

"Hilo jini, dada," bosi alisema kwa sauti ya chini. "Limevaa mikono ya mumeo. Lifukuze, wewe ndiye mwenye ruhusa."

Zamu ilikuwa ikimsubiri mjane ajibu: ni yeye, au si yeye?

Akachapa: "Siku ya kwanza uliniitaje?"

"Shemeji."

Machozi yakamtoka. Mumewe hakuwa na kaka; siku ile aliona haya tu, akakosa neno, akamwita shemeji, na utani huo wakaingia nao kwenye ndoa.

"Usinitoe, shemeji. Bado kidogo tu."

"Majini hayakosi la kusema!" bosi alifoka. "Watu wanakufa huko!"

Mjane alitamani abaki naye, hata kama ni jini. Lakini wale wagonjwa nao walikuwa waume wa watu. Akabonyeza: si yeye.

Harufu ikakatika papo hapo. Bosi akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo Zamu ikaleta taarifa yake: aliyetolewa hakufuta chochote. Anayefuta yumo ndani tangu asubuhi, naye hachapi, hana mikono ya kupimwa. Aliyetolewa alikuwa akimfuata nyuma, akimfungia mlango mmoja baada ya mwingine, na ulikuwa umebaki mmoja.

Kwenye kioo, milango yote ikaanza kufunguka.

"Mrudishe!" bosi alipiga kelele.

Mjane alikuwa ameshaanza kuandika. Rudi. Nimekosea, mume wangu, rudi. Akaandika mpaka herufi zikampotea machoni.

Zamu ikamjibu kwa adabu: "Mtumiaji huyu hawezi kurudi. Umethibitisha mwenyewe kwamba si yeye."