Mtu wa Tatu Ni Nani?

Chumba cha mbele cha nyumba hii kina cherehani mbili, meza ya kukatia nguo, kioo kirefu chenye ufa, na stuli moja. Mwenye nyumba ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, na siku nyingine magauni ya majirani. Stuli ni ya wateja. Mteja husimama juu yake, naye fundi humzunguka akibana pindo kwa pini.

Zamani fundi alipeleka sare shuleni mwenyewe, kwa miguu, furushi kichwani. Sasa goti lake la kulia linamsumbua. Mara mbili sare zimechelewa. Mwalimu mkuu amesema zikichelewa mara ya tatu, kazi atapewa fundi mwingine. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba hii.

Fundi ana binti mmoja, mwenye miaka kumi na tisa. Watu humwita Kengele. Alipokuwa shuleni yeye ndiye aliyepiga kengele, na hata bila kengele sauti yake ilifika kila darasa. Wiki mbili zilizopita alipata leseni ya kuendesha pikipiki. Juzi mjomba wake, fundi rangi, alimuuzia pikipiki yake ya zamani. Tangu hapo Kengele ameiosha mara tano. Pikipiki haikuwa na uchafu wa kiasi hicho.

Ijumaa mchana Kengele aliingia na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

"Mama, Jumatatu asubuhi napeleka sare," alisema. "Kabla kengele haijalia niko getini."

"Na bima?" mama aliuliza. Alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Ipo. Mjomba ameniachia stika yake. Bado ina miezi mitano."

Mjomba alikuwa amekaa mlangoni, suruali imejaa matone ya rangi nyeupe. Alitikisa kichwa kukubali.

"Stika ni stika," alisema. "Askari anaangalia tarehe. Hana haja ya kujua mjomba ni nani na mpwa ni nani."

Siku hiyo juu ya stuli alisimama jirani yao wa nyumba ya pili. Huyu ni karani katika ofisi ya bima. Gauni lake lilikuwa nusu limeshonwa, na pini zilimzunguka kutoka kiunoni hadi magotini. Hakuweza kusogea. Kunyamaza pia hakuweza.

"Hiyo stika si yako, mwanangu," alisema.

"Lakini pikipiki ni ile ile, shangazi."

"Pikipiki ni ile ile. Mwenyewe amebadilika. Mjomba wako aliandikishana na kampuni kwa jina lake. Wewe kampuni haikujui. Siku ukipata ajali watauliza, huyu binti ni nani? Hapo ndipo utakapotafuta pa kujificha."

Kengele alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amesoma karatasi ya mjomba usiku kucha, na alijiona ameshakuwa mwanasheria.

"Halafu bima yenyewe hainihusu," alisema. "Karatasi inasema ni bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni dereva. Wa pili ni abiria. Wa tatu ni yule anayebanwa nyuma ya abiria. Mimi sipakii watu, nabeba furushi la sare. Huyo mtu wa tatu atakaa wapi?"

Mjomba alishtuka, akasimama.

"Kumbe!" alisema. "Miaka sita nalipia bima hiyo na sijapakia watu wawili hata siku moja. Wamenila hela bure!"

Karani aliangua kicheko. Pini mbili zikamchoma pajani. Akapiga kelele, kisha akacheka tena.

"Dada, simama wima," fundi alisema. "Pindo litaenda upande."

Karani alijifuta machozi.

"Sikilizeni," alisema. "Hapa hatuhesabu watu waliopanda pikipiki. Tunahesabu watu wa makubaliano. Mtu wa kwanza ni wewe unayenunua bima. Wa pili ni kampuni inayokuuzia. Wa tatu ni mtu mwingine yeyote ambaye hakuwepo mlipokubaliana. Ni yule utakayemgonga njiani. Ni mwenye gari utakalolikwaruza. Ni mwenye duka utakaloingia na tairi la mbele."

"Sasa ni nani huyo?" Kengele aliuliza.

"Humjui. Yeye mwenyewe hajijui. Sasa hivi yuko kwake anakunywa chai, hana habari na wewe. Bima hiyo unamnunulia yeye."

Fundi alitoa pini mdomoni.

"Na Kengele asipokuwa na bima, akamgonga mtu huyo?" aliuliza.

"Kwanza ni kosa la kisheria. Pili, mtu lazima atibiwe, na huenda akakaa nyumbani miezi bila kazi. Atakwenda mahakamani kudai haki yake. Binti hana kitu, lakini mali zake zitatazamwa zote. Pikipiki itakwenda. Na wewe ni mama yake, nakujua. Hutamwacha ahangaike. Utauza kimoja kimoja."

Fundi alitazama cherehani zake mbili. Ile ya kwanza aliinunua kabla Kengele hajazaliwa. Aliogopa, na hakuficha.

"Jumatatu hutoki na stika ya mjomba wako," alimwambia binti yake.

"Mama! Na sare je? Tukichelewa mara ya tatu?"

"Nimesema hutoki."

Kengele alitupa kitambaa mezani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi kazi imekwenda," alisema.

"Haijaenda," karani alisema. "Kesho Jumamosi ofisi iko wazi mpaka saa saba mchana. Njoo na leseni, kitambulisho na kadi ya pikipiki. Mjomba aje pia, mbadilishe jina la mmiliki kwanza. Sasa jamani, nishusheni hapa."

Kesho yake mjomba alilalamika njia nzima. Alisema ana ukuta wa kupaka. Alisema kama hawamwamini waseme tu. Hata hivyo alikwenda, akapanga foleni katika ofisi ya usajili, akatia sahihi. Saa tano na nusu kadi ya pikipiki ilikuwa na jina la Kengele.

Kabla ya kuingia ofisi ya bima alimvuta mpwa wake pembeni.

"Wakikuuliza, sema pikipiki ni ya matembezi binafsi," alinong'ona. "Na useme umeendesha miaka mitatu. Mgeni barabarani wanamkamua."

Ofisi ilikuwa na kaunta ndefu, feni moja iliyozunguka kwa kujivuta, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Karani alikuwa amevaa gauni jingine, lisilo na pini. Alikuwa jirani yuleyule, ila hapa hakucheka ovyo.

"Pikipiki ni ya kazi gani?" aliuliza.

Kengele alimtazama mjomba. Mjomba aliangalia feni.

"Ya matembezi," Kengele alisema.

Karani aliweka kalamu chini.

"Mwanangu, jana nilikuwa juu ya stuli, sikuwa nimezimia. Nilisikia unapeleka sare. Kupeleka bidhaa za wateja ni biashara. Ukiandika matembezi, utalipa kidogo leo. Siku ya ajali kampuni itakuta furushi la sare barabarani, na itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Utakuwa umenunua karatasi tu."

"Basi andika biashara."

"Umeendesha kwa muda gani?"

Safari hii Kengele hakumtazama mjomba. "Wiki mbili."

"Vizuri. Kila mtu alianza na wiki mbili. Mtu mpya huenda akalipa zaidi, hasa kwa bima kubwa. Ukikaa bila ajali, huko mbele unaweza kupunguziwa. Uliza kila mwaka, usisubiri kuambiwa."

"Bima kubwa ni ipi tena?" mjomba aliuliza. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Bima ndogo ni hii ya mtu wa tatu. Inamlipa yule uliyemuumiza au kumharibia mali. Pikipiki yako ikivunjika au ikiibwa, haikupi kitu. Wewe ukivunjika mkono, haikutibu. Bima kubwa inamlipa mtu wa tatu, na inatazama pikipiki yako pia. Bei yake iko juu. Ila chini ya ndogo huwezi kwenda, ndiyo sheria."

Kengele alifikiri. Pikipiki ilikuwa kuukuu. Uwezo wa mama aliujua. Alichukua bima ndogo, akijua inalipa nini na hailipi nini.

Karani alimpa mkataba na stika. Kisha alimwonyesha namba ya stika, wakaihakiki pamoja kwenye simu. Jina la Kengele likatokea.

"Usinunue stika kwa mtu wa kando ya barabara," karani alisema. "Nyingine zinang'aa kuliko zetu, lakini namba ukiitafuta haipo. Na siku ukipata ajali, usikimbie. Mhudumie aliyeumia. Waite polisi. Tupigie sisi simu siku hiyo hiyo. Usimwahidi mtu malipo barabarani, na usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Na uvae helmeti. Bima haina kichwa cha akiba."

Jumatatu, saa moja kasoro dakika kumi, sare zilikuwa getini. Mwalimu mkuu alizihesabu akakuta zimetimia. Hakusema asante, lakini alisema tuonane mwezi ujao, na hilo lilitosha.

Miezi minne ilipita hivyo. Kengele alizoea mashimo yote ya njia ile.

Siku moja asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Kengele alikuwa anarudi kutoka shuleni, mwendo wa wastani. Mwanaume mmoja alitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi na bomba refu begani. Bomba lilimzuia kuona upande. Aliingia barabarani. Kengele alikanyaga breki, tairi likateleza kwenye tope, pikipiki ikampiga yule mtu mguuni. Bomba likaruka. Wote wawili wakaanguka.

Kengele aliinuka. Helmeti ilikuwa na mkwaruzo. Yule mwanaume alikaa chini ameshika mguu wake, uso umemkunjamana kwa maumivu. Suruali ilikuwa imechanika kutoka gotini hadi chini.

Watu walijaa.

"Dada, washa uondoke!" mmoja alisema.

Kengele alitaka kuondoka. Alitaka sana. Akilini alimwona mama na zile cherehani mbili. Kisha akakumbuka kwamba jina lake limo kwenye mkataba. Alizima injini, akavua koti lake, akalikunja chini ya mguu wa yule mtu. Akaomba gari la kumpeleka hospitali. Akawapigia polisi, kisha ofisi ya bima. Mwisho alimpigia mjomba.

"Mpe chochote muyamalize hapo hapo!" mjomba alisema.

"Hapana, mjomba. Polisi wanakuja."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mambo hayakwenda haraka. Kulikuwa na maelezo ya polisi, fomu, risiti za hospitali, na fomu nyingine iliyouliza yale yale ya fomu ya kwanza. Karani hakuweza kuharakisha yote. Taa ya mbele ya pikipiki ilivunjika, na Kengele aliilipia mwenyewe, kama alivyoambiwa. Kwa wiki saba mama alilala vibaya. Kila aliyebisha hodi alidhani ni mtu wa mahakama.

Wiki ya nane hodi ilibishwa kwa gongo.

Mlangoni alisimama mwanaume mwenye magongo mawili. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya plasta. Kwapani alibana suruali iliyokunjwa. Kengele alimtambua, akasimama. Mama alimtazama binti yake, akaelewa. Mkasi ulimponyoka.

"Hapa ndipo kwa fundi?" mwanaume aliuliza.

"Ndipo," mama alisema kwa shida.

"Mimi ni fundi bomba. Nilikuwa fundi bomba, mpaka binti yako aliponilaza." Alitoa barua mfukoni. "Kampuni ya bima imeniandikia. Gharama za hospitali wamelipa. Siku nilizokosa kazi wamelipa pia, wiki iliyopita. Sina ugomvi. Lakini kuna neno limeninyima usingizi. Wananiita mtu wa tatu. Siku ile nilikuwa peke yangu. Hao wawili wengine ni akina nani? Kama nao waliumia, nikawape pole."

Mama aliketi. Alianza kucheka, na machozi yakamtoka palepale. Kengele alivuta stuli, akamkalisha mgeni.

"Wa kwanza ni mimi," alisema. "Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni wewe. Tulikununulia bima hiyo kabla hatujakujua."

"Kabla hamjanijua?"

"Miezi minne kabla. Tuliambiwa uko kwako unakunywa chai."

Fundi bomba aliitazama barua tena. Kisha aliikunja vizuri, akairudisha mfukoni, akamkabidhi mama ile suruali. Ilikuwa ile iliyochanika.

"Haipiti kwenye plasta," alisema. "Unaweza kuufumua mshono wa pembeni, uniwekee vifungo? Utanitoza kiasi gani?"

Mama alishaichukua. Alikuwa ameanza kufumua.

"Mguu umelipwa na kampuni," alisema. "Suruali ni juu yangu."