Hodi Katika Stesheni ya Zamani

Jumanne, Desemba 3, 2024, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, rafiki yangu Anitha alikwenda Alexandria kukagua ukumbi wa sherehe ya kumuaga mdogo wake Elieth, bibi harusi. Zamani ulikuwa stesheni ya tramu. Sasa ni wa chama cha udugu, kinachoukodisha kwa sherehe.

“Hakuna mtu, madam, ingia tu,” alisema mlinzi, Mkenya.

Ndani giza. Kwa mazoea, Anitha akaita, “Hodi!”

Watu wengi wakaitika, “Karibu!” Viti vikaburuzwa.

Akawasha taa. Ukumbi ulikuwa mtupu.

Asubuhi, akiwa nyumbani, alimpigia simu mlinzi kufuta sherehe.

“Mbona Elieth ameshaingia ukumbini?” mlinzi akashangaa.

Anitha akakimbia kulifunga kwa nje komeo la chumba alimokuwa bado amelala Elieth.